Muulize Muuguzi: "Wanasema damu yangu ndiyo iliyomziba pumzi mdogo wangu"

*Safu hii huandikwa na muuguzi mkunga mstaafu, Tabora.*

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto sita, nakaa Ujiji. Mwezi wa tatu mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji, akatoka damu nyingi. Hospitali wakasema damu ya kundi lake imeisha, ndugu tujitokeze. Tulipimwa watatu, ya kwangu ndiyo ikaendana. Nikatoa, akaongezewa jioni ileile. Haikupita saa moja na nusu akaanza kuhema kama mtu aliyekimbizwa, midomo ikabadilika rangi, akatokwa povu lenye damudamu. Walimwekea oksijeni siku tatu. Mungu mkubwa, sasa yuko kwake Mwanga na mtoto ni mzima. Lakini tangu siku hiyo mawifi zake wanasema damu yangu ina kitu. Juzi nilimpelekea dagaa na chupa ya mawese, vikarudishwa na kikapu chake. Mama, damu ya tumbo moja inaweza kumfanyia mtu hivi? Mwilini mwangu kuna ubaya gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole, na hongera kwa mdogo wako kuvuka. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, nikausoma tena jioni nikiwa barazani kwangu hapa Isevya, nikaona si swali la kujibiwa kwa mistari mitatu.

Nianze na linalokuuma. Hukumdhuru mdogo wako. Mzazi anayevuja damu hana saa nyingi za kusubiri, na wewe ulinyoosha mkono palipokuwa hakuna damu nyingine. Waambie hivyo mawifi zake, na uwaambie umeambiwa na mtu aliyewahudumia wazazi miaka 33.

Sasa hiyo pumzi. Mimi sikuwepo wala eksirei yake sijaiona, kwa hiyo waliomtibu ndio wanaoweza kusema kwa hakika. Ila kuhema kwa ghafla ndani ya saa sita baada ya kuongezewa damu, midomo kubadilika, povu lenye damudamu, kisha nafuu ndani ya siku chache kwa oksijeni, hayo nimeyaona kwa macho yangu na yana jina. Ni jeraha la ghafla la mapafu linaloletwa na kuongezewa damu. Wataalamu duniani wanalifupisha TRALI.

Mimi nililiona kabla sijajua linaitwaje. Ilikuwa 1996, zamu ya usiku, katika hospitali moja ya wilaya. Mzazi wa mimba ya nne, kondo lilikwama, damu ikamwagika. Daktari akaandika chupa mbili. Ya kwanza iliingia bila neno. Ya pili ilipofika nusu akaniita: "Sista, kama maji yananipanda kifuani." Nikadhani ni hofu. Nikamwambia atulie, nikaenda kitanda cha pili. Niliporudi mwili ulikuwa wa moto, presha imeshuka, na kifua kinatokota kama uji jikoni. Tukaona moyo umezidiwa. Tukampiga Lasiksi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, tukaongeza nyingine, presha ikazidi kushuka. Alfajiri akafariki. Kwenye faili tuliandika kwamba moyo ulishindwa kufanya kazi. Alikuwa na miaka 26 na hajawahi kulalamikia moyo siku moja.

Nilikuja kuujua ukweli mwaka 2008, kwenye semina ya siku mbili, mkufunzi alipoonyesha picha ya mapafu meupe pande zote mbili na kueleza dalili. Nilitoka nje nikalia. Kilichoniliza ni tarehe. Mark Popovsky na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walilipa tatizo hili jina mwaka 1983, na mwaka 1985 wakaeleza habari za wagonjwa 36. Yaani elimu ilikuwa imeshaandikwa miaka 13 kabla ya usiku ule, ila haikuwa imefika wodini kwetu. Na dokezo la kwanza lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1957 mtafiti aitwaye Brittingham alieleza jinsi mtu mzima wa afya alivyotiwa mililita 50 tu za damu ya mgonjwa aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Mililita 50 ni kama kikombe kimoja kidogo cha kahawa. Mtu yule akapata homa, akaanza kuhema kwa shida, na picha ya kifua ikaonyesha mapafu yameathirika. Kwenye damu ile kulikuwa na kingamwili, yaani askari wadogo wa kinga, waliokuwa wakishambulia seli nyeupe za damu.

Hapo ndipo unapoingia wewe, mwanangu. Umeuliza una nini mwilini. Inawezekana kweli una kitu, na kitu chenyewe ni kumbukumbu ya watoto wako.

Mwanamke akibeba mimba, damu kidogo ya mtoto huvuka ikaingia kwake. Seli za mtoto zina alama, nyingine za mama, nyingine za baba. Mwili wa mama huziona zile za baba kuwa ngeni, ukatengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo hazimletei ugonjwa, hata hajui kama anazo, na zinaweza kukaa ndani yake miaka mingi. Kila mimba ni nafasi nyingine ya kuzitengeneza. Marekani walipima wachangiaji wa damu kwa maelfu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kwamba kwa wanawake wasiowahi kushika mimba waliokuwa nazo ni 1.7% tu. Waliobeba mimba moja walikuwa 11.2%, na waliobeba nne au zaidi 32.2%. Wewe una sita. Kwa hesabu hiyo, karibu mama mmoja kati ya watatu walio kama wewe anazo, na wote ni wazima kama wewe.

Zikiingia kwa mtu mwingine pamoja na majimaji ya damu, yale tunayoyaita plazma, zikakuta seli nyeupe zenye alama ileile, huzishika. Seli hizo hukwama kwenye vijishipa vyembamba vya mapafu na kumwaga sumu zilizokusudiwa kuua vijidudu. Kuta za vijishipa zinatoboka, maji yanavuja kuingia kwenye vifuko vya hewa. Mtu anazama akiwa kitandani. Ndiyo maana yule mzazi wangu alisema maji yanampanda. Alisema kweli tupu.

Utauliza, mbona tulipimwa ikaendana? Kipimo mlichofanyiwa, kile watu wa maabara wanachokiita krosimachi, kinaangalia seli nyekundu. Kingamwili za seli nyeupe hakizioni. Hakuna aliyezembea hapo.

Na utauliza tena, kama mama wote hao wanazo, mbona wanaoongezewa damu hawaugui kila siku? Swali hili liliwasumbua watafiti muda mrefu, na jibu lao mimi naliona la thamani kuliko yote. Kwa wagonjwa wengi yanatakiwa mapigo mawili. Pigo la kwanza ni hali ya mgonjwa mwenyewe: upasuaji mkubwa, maambukizi makali, mshtuko wa kupoteza damu. Hali hiyo hukusanya seli nyeupe kwenye mapafu zikiwa zimeshakasirika. Damu inayoingia ni pigo la pili. Maabara walijaribu kwa panya. Waliofugwa katika vyumba safi mno hawakuathirika walipotiwa kingamwili. Walipochokozwa kwanza kwa sumu ya bakteria, kingamwili zilezile zikawaangusha. Mdogo wako aliingia kwenye chupa ile akiwa ametoka kupasuliwa na kuvuja damu. Damu yako hiyohiyo angepewa mtu mwingine siku nyingine, huenda asingekohoa.

Tena ulizia kama aliongezewa chupa yako peke yake. Mzazi aliyevuja kiasi hicho mara nyingi hupewa zaidi ya moja, na watu wa nyumbani huikumbuka ile tu wanayomjua mwenyewe. Pia kuna TRALI isiyo na kingamwili kabisa, inayohusishwa na mafuta fulani yanayojitokeza kwenye damu iliyokaa sana kwenye friji, ingawa kwa damu iliyotolewa siku hiyohiyo hilo silidhani.

Nchi nyingine zimechukua hatua. Uingereza, kuanzia mwishoni mwa 2003, ilianza kutumia plazma ya wanaume kwa sehemu kubwa. Marekani ilielekezwa huko mwishoni mwa 2006, na watafiti waliofuatilia wagonjwa wa hospitali mbili kubwa waliona TRALI ikishuka kutoka 2.57 hadi 0.81 kwa kila chupa 10,000 kati ya 2006 na 2009. Angalia hapo, hawakuwafukuza akina mama. Damu yao inatenganishwa, seli nyekundu zinakwenda kwa wagonjwa, plazma ndiyo haiongezewi mtu. Sisi wodini miaka yangu yote tulining'iniza damu nzima, plazma ikiwa ndani yake, na bado inatumika sana. Natamani sana kuona mashine za kutenganisha damu zikifika kila hospitali ya mikoa yetu hii.

Fanya hivi. Rudi pale ulipotolea damu, uwaeleze yaliyompata mdogo wako, waandike kwenye kumbukumbu zako. Usitoe tena mpaka wakupe jibu. Wakikuambia usimame, simama bila aibu; kuna wanaosimamishwa kwa sababu ya uzito au presha na hakuna anayewarudishia kikapu. Naye mdogo wako ahakikishe kwenye kadi yake pameandikwa kwamba aliwahi kupata shida ya kupumua baada ya kuongezewa damu, na aiseme kwa mdomo wake kila anapolazwa. Haimaanishi asiongezewe damu tena akiihitaji. Inamaanisha atazamwe kwa karibu.

Mpelekee tena wale dagaa. Safari hii nenda mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi baba wa Urambo. Mtoto wetu wa miaka mitatu alilazwa na malaria, damu ikashuka hadi 5. Alikuwa amenyong'onyea ila anaongea na kunyonya machungwa. Mke wangu akataka amtolee yeye damu, wakamkatalia, wakasema tusubiri ya benki. Ilikuja saa nane usiku. Mke wangu ana uchungu mpaka leo, anasema walimnyima mwanawe.

JIBU: Marahaba, baba. Mpe pole mama, uchungu wake naujua. Walimkatalia kwa sababu nzuri ambayo inaelekea hawakuwa na nafasi ya kuieleza.

Soma jibu la dada wa Ujiji hapo juu. Kingamwili anazotengeneza mama akiwa mjamzito zinalenga alama za baba, na alama hizo mtoto anazo nusu nzima. Kwa hiyo kati ya watu wote duniani, mtoto wa mama huyo na baba wa mtoto ndio ambao kingamwili zake zina uwezekano mkubwa wa kukuta alama zinazozitafuta. Wamewahi kuandikwa watoto waliopata TRALI kwa damu ya mama zao. Mama akitaka kusaidia, na aende akachangie benki, iende kwa mtoto wa mwenzake. Ila kama ni usiku, benki tupu, mtoto anakata roho na mama peke yake ndiye anayeendana, daktari anaweza kuamua kuitumia, na mimi ningekubali.

Kuhusu kusubiri: mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto 3,196 wenye upungufu mkubwa wa damu. Kwa wale wenye damu kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, walioongezewa papo hapo na waliowekwa chini ya uangalizi hawakutofautiana kwa vifo hadi siku ya 28. Lakini sikiliza vizuri neno uangalizi. Walipimwa tena na tena, na karibu nusu yao hatimaye waliongezewa. Mtoto anayehema kwa nguvu, aliyelegea kupita kiasi au aliyepoteza fahamu hasubiri. Wenu alikuwa akiongea na kunyonya machungwa, basi waliomweka asubiri damu ya benki hawakumnyima kitu.

SWALI: Shikamoo Sista. Nasoma uuguzi hapa Kigoma, nipo kwenye mafunzo ya wodini. Usiku tunabaki wawili kwa wagonjwa arobaini, eksirei imefungwa. Mgonjwa aliyetundikiwa damu akianza kuhema, nitajuaje kama ni TRALI au ni moyo umezidiwa na maji?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa kuuliza kabla halijakukuta.

Kabla ya kujua ni lipi, funga damu. Usipunguze kasi, funga. Badilisha na mpira wake, acha mshipa wazi kwa dripu ya chumvi ikienda polepole, mkalishe mgonjwa, weka oksijeni, mwite daktari. Hayo ni yaleyale kwa yote mawili, na ndiyo yanayookoa.

Kisha chukua presha. Moyo uliozidiwa mara nyingi huja na presha iliyopanda, mishipa ya shingo imevimba, mgonjwa ni mzee au mwenye moyo au figo, au mtoto aliyekimbiziwa damu nyingi kwa muda mfupi. Huyo Lasiksi inamsaidia, unamwona anapata nafuu. Wa TRALI mara nyingi presha yake imeshuka, ana homa, shingo haijavimba. Lasiksi kwake inanyang'anya maji mwili ambao tayari umepungukiwa, kwa sababu maji yamehamia mapafuni. Ndilo kosa tulilolifanya mwaka 1996. Kifaa cha kubana kidoleni kikionyesha oksijeni chini ya 90% bila msaada, andika namba hiyo na saa yake. Wataalamu waliokutana Toronto mwaka 2004 waliiweka miongoni mwa vigezo vya kulitambua tatizo hili. Wakati mwingine yote mawili huja pamoja, na hata madaktari bingwa hutatizika, kwa hiyo usijione mjinga. Eksirei ipigwe asubuhi hata kama amepata nafuu.

Wengi wa TRALI hupona kwa oksijeni na uangalizi ndani ya siku mbili hadi nne. Wengi wao huhitaji pia mashine ya kupumulia, na wapo wanaofariki.

Kwa uchache wenu usiku, naomba jambo moja. Damu isiyo ya dharura isitundikwe saa sita za usiku, itundikwe mchana. Ikibidi usiku, kaa kitandani kwa huyo dakika 15 za kwanza, usiondoke hata ukiitwa, labda kuna anayekufa. Mfundishe ndugu anayemlinda: akihema tofauti, akikohoa, akisema kifua kinabana, njoo uniamshe hata kama nimekukaripia. Na mgonjwa mwenyewe akikuambia neno, liamini kwanza, halafu ndipo upime.

Mfuko wa damu usiutupe. Hili hamtafundishwa vya kutosha. Wenye benki wakiupata, na namba yake, wanaweza kumtafuta aliyetoa, wakapima kingamwili panapowezekana, wakazuia plazma yake isimfikie mgonjwa mwingine. Wa 1996 niliupeleka mwenyewe kwenye shimo la kuchomea taka, na namba yake sikuiandika popote. Wewe funga mpira wake, utie kwenye mfuko safi, andika jina la mgonjwa, saa damu ilipoanza na saa ulipoifunga. Asubuhi mkabidhi mtu wa maabara mkono kwa mkono, umwambie akusainie.